Alenki ya Milimita au ya Inchi? Jua Kipimo Kabla ya Kuzungusha

(Mazungumzo na vikundi vya mashine za kusaga, kamati za maji na vijana wa ufundi, Voi)



Leo tutazungumza juu ya kifaa kidogo sana. Ni kipande cha chuma kilichopindwa kama herufi L, chenye pembe sita, na kazi yake ni kufunga na kufungua bolti zenye tundu la pembe sita kichwani. Mafundi wetu wanakiita alenki, nasi tutakiita hivyo hivyo. Najua wengine mtasema, “Jamani, tumeacha shamba kuja kusikia habari ya kichuma hiki?” Subirini kidogo. Kichuma hiki ndicho kinachoshika puli ya mashine ya kusaga, usukani wa baiskeli ya mtoto anayeshuka mteremko wa Mwatate, na paneli ya sola iliyo juu ya mabati yako. Kikitumika vibaya, bolti inaharibika, na bolti ikiharibika kazi yote inasimama.

Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe ni kweli, maana udongo haujali sana. Lakini kwa alenki mambo ni kinyume: asiyechagua ndiye asiye fundi. Kuna alenki za milimita na kuna alenki za inchi, na hapa kwetu bolti za aina zote mbili zipo. Swali letu ni hili: mtu wa nyumbani mwenye pesa kidogo anunue zipi, na atajuaje bolti iliyo mbele yake ni ya kipimo gani?

TUNDU HILI LILIANZA WAPI

Hapo zamani viwanda vingi viliendeshwa kwa shafti ndefu iliyopita juu ya wafanyakazi, yenye puli nyingi na mikanda. Kila puli ilishikwa kwenye shafti kwa skrubu. Skrubu hizo zilikuwa na kichwa cha mraba kilichojitokeza nje. Shafti ikizunguka, kile kichwa kilinasa shati au mkono wa mfanyakazi na kumvuta ndani. Watu waliumia na wengine walikufa.

Ndipo ikatengenezwa skrubu isiyo na kichwa, inayozama yote ndani ya puli, yenye tundu la pembe sita katikati. Huko Marekani, mtu aitwaye William G. Allen, wa mji wa Hartford, alipata hataza ya njia ya kutengeneza skrubu za namna hiyo mwaka 1910. Jina la alenki limetoka kwake. Wajerumani nao walianza kutengeneza bolti za namna hiyo mwaka 1936, na mpaka leo wana jina lao, Inbus.

Mnaona basi? Kifaa hiki kilizaliwa kwa ajili ya usalama wa watu wanaofanya kazi karibu na puli. Akina mama wa vikundi vya kusaga unga, hili ni jambo lenu hasa. Tazameni puli ya mashine yenu. Kama kuna skrubu yenye kichwa kimejitokeza nje, na mnapita hapo karibu mkiwa mmejifunga leso, mwambieni fundi aibadilishe. Na mkishaibadilisha, mtahitaji alenki yake.

KWA NINI KWETU KUNA VIPIMO VIWILI

Kenya inatumia mita na kilo. Watoto shuleni wanafundishwa sentimita na milimita. Lakini ukienda kununua mbao, unaomba mbili kwa mbili au nne kwa mbili, na hizo ni inchi. Misumari ni ya inchi tatu, inchi nne. Mpaira wa maji ni nusu inchi au robo tatu. Halafu ukinunua mabati, unaambiwa ya mita mbili na nusu au mita tatu. Nyumba moja inajengwa kwa vipimo viwili na wala hatushangai.

Hapa Voi ushahidi uko kwenye reli. Reli ya zamani, ambayo Waingereza walianza kuijenga kutoka Mombasa mwaka 1896 na kuifikisha Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita 1 kamili kutoka chuma hadi chuma. Waingereza, watu wa futi na inchi, walijenga reli ya mita! Wajerumani upande wa Tanganyika nao walijenga reli yao ya Tanga hadi Moshi kwa mita 1. Ndiyo sababu, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, reli iliyojengwa kutoka hapa Voi kuelekea Taveta iliweza kuungana na ile ya Wajerumani, na mabehewa yakapita. Vita vilikuwa vya watu, lakini kipimo kilikuwa kimoja.

Sasa tazameni reli mpya, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na yenye stesheni hapa hapa Voi. Ilijengwa na Wachina, watu wa mita. Upana wake ni milimita 1,435. Namba hiyo mbona haieleweki? Ni kwa sababu asili yake ni futi 4 na inchi 8 na nusu, kipimo cha reli za kwanza za Uingereza. Kwa hiyo reli ya Mwingereza ni ya mita, na reli ya Mchina asili yake ni inchi. Behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine.

Nawapa mfano huu ili msidanganyike kwa kusema, “Hii imetengenezwa nchi fulani, basi kipimo chake ni hiki.” Asili ya kitu inakupa dalili tu, kwa hiyo usiache kupima.

Magari ni hivyo hivyo. Land Rover za zamani, zile za Series zilizozunguka sana katika mbuga ya Tsavo, zilifungwa kwa bolti nyingi za inchi. Toyota Land Cruiser ni milimita. Injini za diseli za Lister za zamani, zilizotoka Uingereza na kuendesha mashine nyingi za kusaga, nazo zina bolti za inchi. Lakini mota ya umeme mpya kutoka China ni milimita. Sasa kikundi kinaweza kuwa na injini ya zamani ya Kiingereza, puli iliyochongwa jua kali, na kinu kipya. Katika mashine hiyo moja utakuta vipimo viwili.

YANAYOFANANA NA YASIYOFANANA

Inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Uingereza, Marekani na nchi nyingine za Kiingereza zilikubaliana hivyo mwaka 1959. Kwa hesabu hiyo tunaweza kuzilinganisha alenki. Andikeni kwenye daftari, tafadhali:

Inchi 5/64 ni milimita 1.98. Jirani yake ni namba 2.
Inchi 3/32 ni milimita 2.38. Jirani yake ni namba 2.5.
Inchi 1/8 ni milimita 3.18. Jirani yake ni namba 3.
Inchi 5/32 ni milimita 3.97. Jirani yake ni namba 4.
Inchi 3/16 ni milimita 4.76. Jirani yake ni namba 5.
Inchi 1/4 ni milimita 6.35. Jirani yake ni namba 6.
Inchi 5/16 ni milimita 7.94. Jirani yake ni namba 8.
Inchi 3/8 ni milimita 9.53. Jirani yake ni namba 10.

Tazameni vizuri. Kuna jozi tatu ambazo karibu ni sawa: 5/64 na namba 2, 5/32 na namba 4, 5/16 na namba 8. Hapo tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na ukiwa huna nyingine unaweza kuitumia bila madhara makubwa.

Hizo nyingine ndizo hatari, hasa 3/16 na namba 5, na 1/4 na namba 6. Kwa nini hatari? Kwa sababu zinaingia! Kitu kisichoingia hakikudanganyi. Lakini alenki namba 6 inaingia kwenye tundu la 1/4 na inacheza kidogo tu. Unasema, “Si imeingia? Twende.” Unazungusha kwa nguvu. Alenki haishiki ubavu wote wa tundu, inashika ncha za pembe tu. Bolti ikiwa na kutu, pembe zinaliwa, tundu linakuwa la mviringo, na sasa hata alenki ya haki ukija nayo haitashika.

Kwenye matundu madogo ni mbaya zaidi. Skrubu ya mkono wa kitasa au ya bomba la sinki inaweza kuwa na tundu la 2.5. Ukiingiza 3/32, tofauti ni kama sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Lakini kwa tundu dogo namna hiyo, hiyo inatosha kulila.

Msiseme tofauti ya nusu milimita si kitu. Mwaka 1990, mwezi wa Juni, ndege ya British Airways iliruka kutoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ilipofika kama futi 17,000, kioo cha mbele cha rubani kiling’oka. Rubani alivutwa nje nusu mwili, wenzake wakamshika miguu, na rubani msaidizi akaishusha ndege mjini Southampton. Kwa neema hakuna aliyekufa. Wachunguzi waligundua kwamba kioo kilikuwa kimebadilishwa kama siku moja tu kabla, na kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Nyembamba kwa kiasi gani? Inchi 0.026, yaani pungufu ya milimita moja, kama sehemu mbili ya tatu zake. Bolti zilikuwa zimechaguliwa kwa kulinganisha na zile za zamani kwa macho. Jicho liliona zinafanana.

Sisi haturuki na ndege. Lakini usukani wa baiskeli ukilegea mteremkoni, au gurudumu la kiti cha mgonjwa likichomoka barabarani, aliye juu yake ataumia vile vile.

JINSI YA KUJUA KIPIMO CHA BOLTI

Fuateni hatua hizi, msiruke hata moja.

Kwanza, uliza kitu kimetoka wapi na ni cha zamani kiasi gani. Baiskeli za gia za siku hizi, pikipiki za boda boda kutoka India na China, sola, fremu za vitanda za kuunganisha, vitasa vipya: anza na milimita. Vitu vilivyokuja na kontena za msaada kutoka Marekani, kama vitanda vya hospitali, viti vya magurudumu na mashine za mazoezi: shuku inchi, kwa maana Wamarekani bado wanatumia inchi. Mashine za Kiingereza za zamani: shuku inchi. Nimesema shuku, sikusema amua.

Pili, safisha tundu. Chukua msumari mwembamba au sindano, toa grisi, rangi na unga ulioganda, halafu puliza. Tundu lenye uchafu haliwezi kukuambia ukweli, kwa sababu alenki haizami mpaka chini.

Tatu, soma kichwa cha bolti. Ukiona namba kama 8.8, 10.9 au 12.9, hiyo ni ya milimita. Kwenye bolti za Kimarekani zenye kichwa cha kushikwa na spana, utaona mistari mifupi mitatu au sita badala ya namba. Kama bolti jirani kwenye mashine hiyo hiyo ina mistari, shuku kwamba na hii ya tundu ni ya inchi.

Nne, jaribu alenki zote mbili, ya milimita na ya inchi, kabla hujatia nguvu. Unayoitaka ni ile kubwa kuliko zote zinazoingia kwa mkono bila kugongwa. Ikishaingia, itikise kwa kidole kushoto na kulia. Ya haki inashika mara moja. Ikizunguka kidogo kabla ya kushika, toa, tafuta nyingine.

Tano, ukiweza kuitoa bolti, pima unene wa meno yake. Mwenye venia atumie venia. Asiye nayo atafute nati ambayo anajua kipimo chake, aipitishe kwa vidole. Hapa pia kuna mtego. Bolti ya inchi 5/16 na bolti ya milimita 8 zina unene karibu sawa, lakini meno hayako sawa. Nati ya moja itaingia kwenye nyingine raundi mbili tatu, kisha itakwama. Ikikwama usiongeze spana. Irudishe nyuma. Nati inayofaa inakwenda kwa vidole mpaka mwisho.

SASA, NUNUA ZIPI?

Jibu langu ni fupi. Nyumba nyingi za hapa zianze na seti ya milimita. Seti ya kawaida ina alenki tisa: 1.5, 2, 2.5, 3, 4, 5, 6, 8 na 10. Kama pesa haitoshi seti, nunua nne: 3, 4, 5 na 6. Kwa hizo nne utafanya kazi nyingi za baiskeli, sola na kitanda. Bolti ya milimita 5 huwa na tundu la namba 4, bolti ya 6 ina tundu la namba 5, na bolti ya 8 ina tundu la namba 6. Vishikio vya paneli za sola mara nyingi vina bolti ya 8, kwa hiyo ni namba 6. Usukani wa baiskeli nyingi za gia ni namba 6 pia, na breki zake ni namba 5. Zile baiskeli nyeusi za zamani zina nati za nje, hizo ni kazi ya spana.

Seti ya inchi usinunue kwa sababu tu inauzwa pamoja na nyingine kwenye pakiti moja yenye kung’aa. Inunue baada ya kuhesabu. Zunguka nyumbani, shambani, kwenye mashine ya kikundi, na uandike kila bolti yenye tundu na kipimo chake. Ukipata bolti za inchi, hata tatu tu, na ziko mahali panapobeba maisha ya mtu au pesa za kikundi, nunua alenki za vipimo hivyo. Usipopata, pesa hiyo peleka kwenye karo.

Kwa vyovyote, angalia ubora. Alenki laini inajipinda kama waya, na pembe zake zinaisha kabla ya bolti. Chagua yenye pembe kali, iliyoandikwa namba yake. Isiyoandikwa namba itakusumbua siku zote.

Na nyumba yenye seti zote mbili isizichanganye katika mkebe mmoja. Zile za inchi zipakwe rangi nyekundu mpindoni, au zifungwe kwa kitambaa chake. Usiku, taa ikiwa hafifu, mkono utachukua ile iliyo karibu.

KIKUNDI KIWE NA ALENKI YAKE

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, hasa wenyeviti na waweka hazina.

Fikirieni kikundi cha akina mama ishirini chenye mashine ya kusaga. Skrubu ya puli inalegea. Puli inateleza juu ya shafti, mashine inapiga kelele, unga unatoka nusu nusu. Kazi ya kukaza skrubu ile ni dakika tano. Lakini kikundi hakina alenki, wala hakuna anayejua ni namba ngapi. Fundi anatafutwa mjini. Siku ya kwanza hapatikani. Siku ya pili anakuja na alenki za milimita, kumbe skrubu ni ya inchi. Anajaribu ile iliyo karibu, tundu linaliwa. Sasa inabidi skrubu itobolewe kwa drili. Wiki imepita, wateja wameshazoea kwa jirani.

Hasara hiyo ingezuiwa na vitu viwili: alenki moja ya kipimo cha haki, iliyofungwa kwa waya kwenye ukuta wa chumba cha mashine, na namba iliyoandikwa kwa rangi karibu na puli. Andikeni hivi: “PULI: INCHI 3/16” au “PULI: MILIMITA 5.” Fundi yeyote akija, hata mgeni, atasoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fundi hatakosa riziki. Fundi atabaki na kazi zake kubwa. Lakini si haki kikundi kizima kisimame kwa sababu ya skrubu moja ambayo hata binti wa kidato cha pili anaweza kuikaza.

Pwani tuna mfano mzuri wa fikira hii. Pampu ya mkono ya Afridev, ambayo ilijaribiwa sana huko Kwale katika miaka ya 1980, iliundwa makusudi ili wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, waweze kuifungua na kuitengeneza kwa spana moja tu. Spana hiyo inakaa kijijini. Basi nasi tukinunua mashine, tuulize mapema: inafunguliwa kwa nini, na hicho cha kufungulia tutaachiwa?

WAKATI WA KUZUNGUSHA

Zima mashine kabisa, na ondoa mkanda, kabla ya kugusa puli. Asikudanganye mtu kwamba “nitakaza haraka tu.”

Alenki ina mkono mfupi na mkono mrefu. Kukaza mara ya mwisho au kufungua mara ya kwanza, ingiza upande mfupi ndani ya tundu na ushike upande mrefu. Ikishalegea, geuza, zungusha haraka kwa upande mrefu. Usiongeze bomba ili upate nguvu zaidi. Bolti ikikataa, tia mafuta mepesi, iache mpaka kesho, kisha gonga kichwa chake polepole kwa nyundo kabla ya kujaribu tena.

Ncha ya alenki ikichakaa, usiitupe. Isage kidogo mwishoni kwa jiwe la kunolea mpaka upate pembe mpya, huku ukiichovya majini isipate moto, maana moto unalegeza chuma.

 Karibuni maswali.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali: Tundu limeshaliwa. Tufanye nini?
Jibu: Hapo ndipo alenki ya inchi inaweza kukusaidia hata kwa bolti ya milimita. Kama tundu lilikuwa namba 6, gonga ndani ya 1/4 polepole kwa nyundo. Ni kubwa kidogo, itashika. Kama lilikuwa namba 5, jaribu 7/32. Lakini bolti hiyo ukishaitoa, tupa, weka mpya. Hiyo ni dawa ya mwisho.

Swali: Nina alenki ya 1/4. Naweza kuichonga kwa tupa iwe namba 6?
Jibu: Usijisumbue. Alenki nzuri ni ngumu sana kuchonga kwa tupa, na laini haifai hata ukiichonga. Pembe sita hazitakuwa sawa, nawe utaharibu bolti. Namba 6 moja bei yake ni ndogo kuliko bolti na siku uliyopoteza.

Swali: Kama nchi ni ya mita, mbona mpaira ni wa nusu inchi?
Jibu: Meno ya mipaira yalipangwa zamani na Waingereza, na nchi nyingi zimeyafuata, hata zile za mita. “Nusu inchi” sasa ni jina tu. Pima nje ya mpaira wa chuma wa nusu inchi, utapata kama milimita 21. Kwa hiyo kwa maji endelea kuomba nusu inchi, na kwa bolti uliza milimita.

Swali: Spana ya kurekebisha haiwezi kufanya kazi zote?
Jibu: Hiyo inashika nati kwa nje. Tundu liko ndani. Kwa tundu hakuna cha kurekebisha, ni lazima uwe na kipimo chake.

Swali: Nimeona tundu lenye umbo la nyota kwenye breki ya baiskeli. Alenki inaingia.
Jibu: Inaingia, lakini si yake. Nyota ina ufunguo wake wa nyota. Nimesema tangu mwanzo: kuingia peke yake hakutoshi. Itikise kwanza. Ikicheza, itoe.